Hoteli ya ufukweni yenye urithi wa pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye viwanja, wawekezaji wanaokuja na picha kwenye simu, wanafunzi wa usanifu majengo, na mara nyingine masheha na wenyeviti wa vijiji wanaotaka kujua wanaletewa nini. Majibu yanahusu pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwa. Anayejenga Dubai au Bali atafute majibu ya kwao.

Hoteli "yenye urithi wa pwani" ni ipi hasa?

Ni ile ambayo umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa Februari, mgeni bado anaweza kujilaza chumbani kwake. Nakshi, matao na taa za shaba vinafuata baadaye sana.

Waliojenga Lamu, Pate, Mombasa, Unguja na Kilwa hawakuwa na pangaboi wala pampu, na joto lilikuwa hili hili. Walijibu kwa ukuta mnene, kwa kichochoro chembamba kinachojitia kivuli chenyewe, kwa kiwanda, yaani ua mdogo wa wazi ndani ya nyumba, kinachopitisha hewa na mwanga, kwa birika la maji kando ya choo, na kwa daka, ukumbi wa mlangoni unaompokea mgeni kabla hajaiona nyumba. Hoteli inayotumia majibu hayo imerithi kitu, hata ikiwa haina ua moja la nakshi. Yenye mlango wa nakshi mbele na masanduku ya zege nyuma yake imenunua mlango tu.

Wanaodhani urithi na starehe havikai pamoja waende Kilwa Kisiwani wakaione Husuni Kubwa. Ni kasri la mwanzoni mwa karne ya 14, la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Limekaa juu ya ukingo wa mwamba, upepo wa bahari unalifikia bila kizuizi, lina behewa (nyua za ndani) zilizozama chini zenye ngazi za kukalia, na lina bwawa la kuogea lenye pembe 8. Sultani alijua kuchagua kiwanja.

Nikiweka mlango wa nakshi na matao kwenye mapokezi, haitoshi?

Haitoshi. Tena kuhusu mlango kuna jambo la sheria. Kenya inahesabu milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa, chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kuung'oa mlango wa namna hiyo Lamu ukauhamishia hotelini kwako Diani si suala la kuelewana bei na mwenye nyumba. Hata pale ambapo sheria ni legevu, kila mlango wa zamani unaohamishwa unaacha nyumba yenye tundu mtaani, na hao wageni unaowasubiri wanapanda ndege ili kuuona mtaa huo.

Agiza mpya. Maseremala wa nakshi bado wako Lamu na Unguja, na kazi yao inaishi kwa maagizo. Mpe seremala muda, mlipe kwa awamu, na umwachie achague nakshi. Wenye hoteli wengi humletea fundi picha ya mlango wa mtandaoni uliochanganya Morocco na India, kisha wanashangaa ukifika hauna mfaa, ule mti wa kusimama unaokutanisha mbawa mbili za mlango katikati.

Halafu uweke mahali panapoingiwa. Mlango uliotundikwa ukutani nyuma ya meza ya mapokezi unanitia huzuni kila ninapouona.

Nijenge nyumba za mawe au mabanda ya makuti?

Watu wakisema urithi wa pwani, akili inakimbilia majumba ya mawe ya mabwana na masultani. Lakini wengi wa watu wa pwani hawakulala kwenye majumba hayo. Walilala kwenye nyumba za udongo na makuti: miti imesimamishwa, fito zimefungwa, udongo na vijiwe vimekandikwa, paa la makuti limeshuka chini sana, baraza iko mbele na ua wa makuti ya kumba uko nyuma. Urithi huo hauna vitabu vya picha, na kwa kiwanja cha mchangani mara nyingi ndio unaofaa zaidi.

Sababu ni joto lenyewe. Ukuta wa mawe wa nusu mita hufyonza joto mchana na kulitoa usiku. Mahali ambapo usiku unapoa sana hilo ni neema. Pwani yetu usiku wa Februari haupoi hivyo, na hewa ni nzito kwa unyevu. Nyumba ya mawe ya Lamu inafanya kazi kwa sababu haisimami peke yake: imepakana na jirani, kichochoro kiko kwenye kivuli karibu siku nzima, jua halipati ukuta wa kuupiga. Ing'oe nyumba hiyo uisimamishe peke yake katikati ya mchanga mweupe, jua la magharibi liipige saa nne mfululizo, utakuwa umejenga tanuri.

Banda la makuti linafanya kinyume. Halihifadhi joto, linatia kivuli na kuachia upepo. Lile pengo kati ya kichwa cha ukuta na paa, ambalo wasanifu wapya huliziba kwa kuogopa mbu, ndilo mlango wa hewa moto kutoka. Usilizibe. Weka wavu, na neti kitandani.

Kwa hiyo: ukiwa mjini, au ukiwa na kiwanja kinachoruhusu majengo yasogeleane na kutiana kivuli, jenga kwa mawe. Ukiwa ufukweni penye nafasi, jenga mepesi. Ukitaka vyote viwili, weka jiwe chini kwa stoo, jiko na ofisi, na vyumba vya kulala juu, vyepesi na vya wazi, vinakofika upepo. Mpangilio huo wenyewe ni wa kwetu: majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliacha chini kwa maduka na maghala, watu wakaishi juu.

Makuti yanadumu muda gani, na moto je?

Kwa kawaida miaka 5 hadi 7, kutegemea ubora wa usukaji, unene wa tabaka na mteremko wa paa. Mteremko uwe mkali, nyuzi 45 au karibu na hapo. Paa lililolala hunywa maji, huota ukungu na kuoza kabla hujamaliza mkopo. Yapimwe makuti ya viungo kabla ya kuyapokea, maana ukinunua kwa idadi bila kuangalia, utaletewa yaliyosukwa kwa kuachana nafasi.

Moto ndio tatizo la kweli, na hupungua kwa ramani kuliko kwa mitungi ya kuzimia. Jiko liwe na paa la bati au zege, mbali na vyumba, upande ambao upepo wa kusi hautapeperusha cheche kuelekea mabandani. Acha nafasi kati ya banda na banda. Weka pampu ya moto isiyotegemea umeme wa gridi. Nyaya za umeme zisipite ndani ya makuti hata kwa sentimita moja.

Makuti ya plastiki? Yanadumu, ni kweli. Jua likiyachosha yanamomonyoka vipande vidogo, na upepo unavipeleka baharini. Sioni mantiki ya kuuza usafi wa bahari huku paa lako likiichafua.

Nataka dari ya boriti kama ya Lamu. Vyumba vitakuwa vyembamba?

Ndiyo. Boriti ya mkoko huvuka salama kama mita 2.5 hadi 3, na ndiyo sababu nyumba ya mawe ya zamani ni safu za vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha ndani. Upana wa nyumba uliamuliwa msituni.

Wageni wa hoteli wanataka nafasi kubwa kuliko hiyo, na hapo wachoraji wengi hukata tamaa, wakamwaga zege na kubandika boriti za mapambo kwa chini. Afadhali dari nyeupe isiyo na kitu. Kama unaipenda boriti kweli, fuata masharti yake. Chumba cha mita 3 kwa 7 kilicholazwa sambamba na bahari kinaweza kuwa kizuri kuliko cha mita 5 kwa 5: kitanda mwisho mmoja, kikao mwisho mwingine, na upande mzima mrefu unafunguka baharini. Au weka mhimili mmoja wa mbao nzito katikati, boriti zikae pande mbili.

Kabla ya hayo uliza boriti zinatoka wapi. Mikoko ndiyo kinga ya pwani na kitalu cha samaki na kamba, na uvunaji wake unahitaji kibali. Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakataji wa boriti wa Lamu walikuwa miongoni mwa walioumia. Sheria hubadilika, kwa hiyo pata jibu la sasa kwa wakala wa misitu wa nchi yako, kwa maandishi, na uone kibali cha anayekuuzia. Boriti za bei ya kutupa zina historia ambayo hutaki mgeni wako aiulize. Mvinje wa kupandwa ni mbadala halali kwa kazi nyingi, ila utiwe dawa dhidi ya mchwa na wadudu.

Chokaa au simenti?

Kwa jengo jipya la mawe juu ya ardhi, chokaa kwenye lipu kwa moyo wote, na simenti pale inapohitajika: msingi, matangi, nguzo zinazobeba uzito mkubwa. Kwa jengo la zamani, chokaa tu.

Jiwe la matumbawe lina vinyweleo na chumvi. Unyevu unapanda kutoka chini na unahitaji pa kutokea. Lipu ya chokaa inauachia upumue. Ya simenti inauzuia, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu inajitenga na ukuta kwa mabamba, ikiondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo huita fundi aongeze simenti, na ugonjwa unaendelea.

Chokaa nayo ina dhambi yake, tusiifiche. Njia ya asili ni kupanga magogo kwa mviringo, kumwaga mawe juu na kuchoma, na tanuri moja linakula kuni nyingi. Nunua kwa mchomaji anayetumia minazi iliyozeeka au kuni za kupandwa, au tumia chokaa ya kiwandani iliyochomwa kwa tanuri la kisasa. Kisha iloweke mapema. Chokaa iliyokaa kwenye maji miezi kadhaa inafanya kazi nzuri mno kuliko ya juzi, na hili halikubaliani na kontrakta anayekimbizana na tarehe ya ufunguzi.

Mawe ya matumbawe yatoke wapi?

Machimboni nchi kavu, kamwe yasitoke baharini. Zamani matumbawe laini yalikatwa yakiwa hai chini ya maji, yakachongwa kabla hayajakauka kwa ajili ya vidaka (vishubaka vya ukutani) na mihrabu. Miamba ya leo ina joto la bahari, mabaruti na nanga za kuihangaisha. Mawe ya kujengea Lamu yanachimbwa kisiwani Manda, na Unguja machimbo yapo. Muulize mwenye chimbo atalifanya nini shimo akimaliza. Kama hana jibu, mpe moja: shimo la machimbo linaweza kugeuzwa bustani ya migomba au kitalu cha miche ya hoteli.

Na mchanga usichotwe ufukweni. Una chumvi itakayokula nondo, na ni huo huo mgeni aliokuja kuukanyaga.

Wageni wanataka kiyoyozi. Nifanyeje?

Waulize wanataka kiyoyozi au wanataka usingizi. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana na upepo, dari ya juu, kivuli kwenye kuta na pangaboi juu ya kitanda humlaza mtu vizuri karibu mwaka mzima. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Panapotaabisha ni mapito kati ya pepo hizo, bahari inapolala kama kioo.

Kwa miezi hiyo, au kwa mzee na mgonjwa, kiyoyozi kidogo si haramu. Kitie kwenye vyumba vichache vilivyochorwa kwa ajili yake, vinavyozibika vizuri. Kosa la kawaida ni kutia kiyoyozi ndani ya banda la makuti: baridi inatoka juu, mita inazunguka, na unyevu unaganda ndani ya makuti na kuyaozesha.

Nijenge umbali gani kutoka majini?

Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 zisiguswe na shughuli za kudumu. Zanzibar na Kenya zina kanuni zao, zinazosimamiwa na mamlaka zao za mazingira, ZEMA na NEMA. Hizo zichukue kama kiwango cha chini.

Kinachowaponza watu ni kupima kwa siku moja. Pima wakati wa maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa sana, sio maji mafu, yanaposogea kidogo. Unguja tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika karibu mita 4. Kisha rudi upime tena upepo ukigeuka. Kusi inausukuma mchanga kuelekea kaskazini mwa fukwe, nao upepo wa kaskazi unaurudisha. Kuna fukwe zinazoonekana pana Januari, na ifikapo Julai bahari iko kwenye mizizi ya minazi. Aliyeuziwa kiwanja Januari anaamini bahari imeanza kumchukia. Waulize wavuvi, si dalali.

Ukikaribia sana utaishia kujenga ukuta wa bahari. Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake, linachimba mchanga mbele yake, na ncha ya ukuta inahamishia mmomonyoko kwa jirani, ambaye naye atajenga wake. Baada ya miaka kadhaa pwani nzima ina kuta na haina ufukwe. Acha mikadi, mikoko na majani yanayotambaa mchangani yakae yalipo. Yanashika mchanga bure.

Maji yatoke wapi?

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza, na linakuja likichelewa.

Kwenye visiwa vya matumbawe na sehemu kubwa ya pwani, maji matamu ya kisima yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyojipenyeza chini ya ardhi. Kanuni ya fizikia yake ni kali: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia karibu mita 40 chini yake. Ukivuta ukashusha ile ya juu kidogo tu, chumvi inapanda kwa wingi. Na haipandi kwako peke yako. Kisima cha kijiji kilicho nyuma yako kinageuka, na wanawake waliokuwa wakichota hapo tangu bibi zao ndio wanaoanza kutembea. Bustani ya nyasi za kijani kibichi katikati ya mawe ya Nungwi au Michamvi inamwagiliwa kwa maji ya mtu.

Hesabu ya mvua ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenye mita 200 za mraba, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, linapokea lita 200,000. Toa moja ya tano kwa upotevu, zinabaki 160,000, yaani kama lita 438 kwa siku. Zinawatosha wageni 2 wanaotumia lita 200 kila mmoja, au 4 wanaojibana kwenye 100. Ukiona hesabu hiyo utaelewa mambo mawili: kwamba mvua peke yake haiilishi hoteli kubwa, na kwamba kupunguza matumizi kunaongeza vyumba kuliko kuongeza paa. Vyoo vya mboji, bomba za kuogea zenye mtiririko mdogo, mashuka yasiyofuliwa kila siku.

Tangi nalo liwe kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu masika inaleta maji mengi Machi hadi Mei, halafu kuna ukame wa kusi hadi vuli. Likae chini ya jengo, kwenye giza. Majumba ya Lamu yalikuwa na mabirika ndani, na baadhi yakawekwa vibakuli vya kaure chini kwa ajili ya samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu. Usafi wa namna hiyo haukuhitaji kemikali.

Kusafisha maji ya bahari kwa mashine kunawezekana, lakini kunakula umeme, na yale maji makali ya chumvi yanayobaki yakimwagwa kwenye wangwa wenye kina kifupi yanaua.

Na maji machafu?

Mwamba wa matumbawe una matundu. Karo, yaani shimo la maji machafu, lisilo na sakafu ufukweni ni bomba la moja kwa moja kwenda baharini, na mbolea iliyomo inalisha mwani unaofunika matumbawe. Tenganisha maji ya bafuni na ya chooni, yapitishe kwenye chujio la kokoto na matete lenye sakafu isiyovuja, kisha yatumie bustanini. Yasipotosha bustani, bustani ni kubwa mno.

Umeme wa jua unatosha?

Kwa taa, pangaboi, friji na pampu, ndiyo. Kwa viyoyozi 40 usiku kucha, andaa betri za bei ya kutisha. Maji ya moto yapashwe kwa jua moja kwa moja. Wenye hoteli wa Unguja wa muda mrefu hawahitaji mahubiri: mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi bila umeme, na tena kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kukawa na mngurumo wa jenereta kila kona.

Nimepata jumba la zamani mjini nataka kuligeuza hoteli. Tahadhari gani?

Lamu iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Usiguse tofali kabla ya kuzungumza na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliyoanzishwa 1985.

Kazi inawezekana. Hoteli ya Serena ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa 1997, ilitokana na kukarabati majengo ya zamani, likiwemo lile la simu na telegrafu. Na mvutano nao unawezekana: hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015 kwenye jumba la Mambo Msiige, Mji Mkongwe, ilizua mjadala mrefu na UNESCO kuhusu ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando ya la karne ya 19. Urefu na upana wa nyongeza ndio huwa ugomvi, nakshi haijawahi kumgombanisha mtu.

Anza na paa na mifereji. Maji yakipenya yanaozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, kasri la Sultani Sayyid Barghash la 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu 2 wakafariki. Jumba likikuita, mlete mhandisi anayeijua chokaa kabla ya mchora mapambo. Choo cha kila chumba kinachotakiwa na hoteli ya leo ni hatari kwa dari za boriti, basi vipange vyoo kimoja juu ya kingine, karibu na pale vilipokuwa awali.

Kijiji kinahusikaje na ramani yangu?

Kwa njia zote. Chora kwanza vilivyopo: diko la wavuvi, njia ya kwenda baharini, kisima, makaburi, mti wa mizimu kama upo, msikiti, mashamba ya mwani ya kina mama. Hivyo havihamishwi. Ufukwe wa Paje au Jambiani maji yakipwa ni mahali pa kazi, na mgeni aliyelala kwenye kitanda cha jua ndiye aliyemkuta mkulima wa mwani, hakukutwa.

Njia ya umma ibaki wazi na pana, yenye kivuli, isiwe uchochoro kati ya kuta mbili zenye vigae vya chupa juu. Baa na muziki viwe mbali na msikiti. Mpangilio wa stara wa nyumba zetu unasaidia hapa: daka kwa wapitao, behewa kwa wageni, ndani kwa wenyewe. Ukiupanga hivyo, mgeni ana faragha ya kuvaa apendavyo kando ya bwawa bila mtoto wa chuo cha Kurani kulazimika kugeuza uso.

Weka baraza nje ya lango, upande wa barabara, kwa ajili ya yeyote. Wanaoketi hapo watakulindia hoteli kuliko kamera.

Taa za ufukweni?

Chache, za chini, za rangi ya kaharabu, na zizimwe msimu wa kasa kutaga. Vitoto vya kasa hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa yako nyeupe inawapoteza.

Kuna hoteli ya kwenda kujifunzia?

Ile ya kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar. Hifadhi ya miamba yake ilitangazwa 1994, na wageni hulala kwenye mabanda 7 tu. Kila banda linakinga mvua yake, linaichuja na kuihifadhi chini ya sakafu, lina choo cha mboji, umeme wake wa jua, na paa linalofungua mdomo kwa upepo. Maji ya kuogea yanapita kwenye kitanda cha mimea. Nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa wa 1904 imegeuzwa kituo cha wageni badala ya kubomolewa. Nenda ukiwa na futi kamba, na uombe kuonyeshwa matangi. Chumba utakiona mwenyewe.

Ni ghali kuliko hoteli ya kawaida?

Mwanzoni mara nyingi ndiyo, hasa muda wa mafundi. Fedha hiyo inabaki karibu: kwa wasuka makuti, mwashi, mchomaji chokaa, seremala. Viyoyozi na vigae vya kuagizwa vinapeleka fedha bandarini. Kwenye bili ya umeme, maji na dizeli ndiko utakakopumua, mradi hukuvunja ramani katikati ya njia kwa kuongeza vyumba.

Matengenezo yanakuwaje?

Yana majira. Januari na Februari, kukiwa kukavu, kagua na ezeka upya makuti kwa zamu, robo ya paa kila mwaka badala ya yote kwa pamoja, safisha mifereji na matangi kabla ya masika. Juni, mvua ikikatika, tazama kuta zilizolowa, uache zikauke. Agosti na Septemba paka chokaa. Muda wote bawaba na misumari viwe vya shaba au chuma kisichoshika kutu. Na umwajiri fundi wa kudumu tangu siku ya msingi, awepo mabomba yakilazwa, ili yakipasuka ajue achimbe wapi.